Njaa Haikati Tiketi

Kati ya mwaka 1820 na 1930 Wazungu wapatao milioni 50 walifunga virago, wakapanda meli na kuhamia ng'ambo: wengi wao Marekani, wengine Kanada, Argentina, Brazili, Australia na New Zealand. Muulize mtu yeyote aliyesoma historia shuleni kwa nini waliondoka, atakujibu bila kusita: njaa, uhaba wa mashamba, watawala wakatili, dini kunyanyaswa. Jibu hilo lina ukweli ndani yake na sina haja ya kulibeza. Kasoro yake ni kwamba linaeleza mengi kupita kiasi. Njaa na watawala wakatili vilikuwapo Ulaya kwa karne nyingi kabla ya hapo, na watu hawakuondoka kwa mamilioni. Hata katika miaka ile ya uhamaji mkubwa, kijiji kimoja kilitoa watu kwa makumi huku kijiji jirani, chenye udongo uleule na kodi ileile, kikitoa wachache tu. Shida inatueleza nani alitamani kuondoka. Haituelezi nani aliondoka. Kilichoamua safari ni mambo ya kawaida ambayo simulizi za kishujaa huyapita mbio: meli yenye nafasi inayoelekea upande unaotakiwa, mtu wa kulipa nauli, na mtu wa kukupokea ukishuka. Palipokosekana kimojawapo, maskini alibaki na umaskini wake, hata uwe mkali kiasi gani.

Nianze na meli, kwa sababu ndiyo isiyosimuliwa sana. Mwanzoni mwa karne ya 19 merikebu nyingi zilizowavusha wahamiaji maskini hazikuundwa kwa kazi hiyo. Zilikuwa merikebu za mizigo, na mizigo yenyewe ilikuwa ya upande mmoja. Kanada iliiuzia Uingereza magogo na mbao, vitu vinavyokula nafasi kubwa mno, wakati bidhaa za viwandani zilizokwenda Kanada zilijaza pembe tu ya ngama. Mwenye merikebu alikuwa na njia mbili. Arudi Quebec na farumi ya mawe na mchanga, ambayo hailipi hata senti, au apigilie mbao za muda mle ngamani ziwe vitanda, kisha ajaze watu. Watu wanayashinda mawe kwa jambo moja: wanapanda wenyewe, wanashuka wenyewe, na wanalipa. Ndiyo maana nauli ya Quebec ilikuwa nafuu kuliko ya New York, na Waayalandi wengi fukara wakashukia Kanada hata kama moyo ulikuwa Boston. Pamba ya kusini mwa Marekani ilifanya kazi hiyohiyo kati ya New Orleans na Liverpool. Tumbaku ikafanya vivyo hivyo kati ya Baltimore na Bremen: chombo kilicholeta tumbaku Ujerumani kilirudi na wakulima wa Kijerumani. Mwaka 1867 kampuni ya meli ya Norddeutscher Lloyd na reli ya Baltimore and Ohio zikakubaliana kuunganisha safari ya bahari na ya garimoshi, mhamiaji ashuke melini apande behewa moja kwa moja kwenda bara. Makazi ya Wajerumani na Waayalandi kule Marekani, basi, yalipangwa kwa kiasi kikubwa na magogo, pamba na tumbaku.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hatalishangaa hilo. Majahazi ya Ghuba na ya kusini mwa Uarabuni yalikuja na kaskazi yakiwa na tende, chumvi na samaki mkavu, yakarudi na kusi yamesheheni boriti za mikoko. Boriti hujaza chombo. Shehena ya kuja haikujaza, na nafasi iliyobaki ilikuwa ya abiria. Alan Villiers, baharia wa Australia aliyesafiri mwaka 1938 na 1939 ndani ya jahazi la Kuwait kutoka Aden mpaka Zanzibar na delta ya Rufiji, aliandika jinsi sitaha ilivyosongamana watu wa Hadhramaut waliokuwa wakija kutafuta riziki. Washihiri, kama watu hao walivyoitwa pwani, waliouza kahawa, kuchota maji na kubeba mizigo Mombasa na Unguja hawakuletwa na ukame peke yake. Ukame wa Hadhramaut ni wa miaka yote; jahazi ni la msimu, na ami mwenye kazi Mombasa ni wa ukoo fulani, si wa kila mtu.

Lakini chombo chenye nafasi hakitoshi. Mwanzoni mwa Julai 1825 chombo kidogo kiitwacho Restauration kiling'oa nanga Stavanger, Norway, kikiwa na watu 52, baadhi yao wafuasi wa madhehebu ya Kikristo ya Quaker waliochoshwa na kanisa la dola. Kilifika New York tarehe 9 Oktoba kikiwa na watu 53, kwa kuwa mtoto alizaliwa njiani. Wanorway huihesabu safari hiyo kuwa mwanzo wa uhamaji wao, na kwa kawaida huisimulia kama kisa cha ushujaa wa imani. Kinachotajwa kwa sauti ndogo ni kwamba mwaka 1821 kundi hilo lilikuwa limemtuma Cleng Peerson aende kupeleleza. Peerson aliishi Marekani, akayaona mashamba kwa macho yake, akarudi na habari, kisha akatangulia tena kuwaandalia makazi. Chombo kilipofika kilizuiwa, kwa sababu kilibeba watu wengi kuliko sheria ya Marekani ya mwaka 1819 ilivyoruhusu kwa ukubwa wake, na ikabidi Rais John Quincy Adams aingilie kati kuwaondolea adhabu. Hivyo hata waanzilishi, ambao kwa jina lao wangepaswa kuwa watu wa kujitosa gizani, hawakujitosa gizani.

Linalovutia zaidi ni kilichofuata. Ilipita miaka 11 kabla kundi jingine kubwa halijaondoka Norway kwa meli, mwaka 1836. Katika miaka hiyo 11 mashamba ya Norway hayakupanuka wala mawe yake hayakupungua. Kilichobadilika ni barua. Gjert Hovland, mkulima aliyehamia mwaka 1831, aliandika nyumbani mwaka 1835 akieleza bei ya ardhi, mazao na kodi, na barua yake ikanakiliwa kwa mkono na kupitishwa kijiji kwa kijiji. Watu waliokuwa maskini miaka yote ghafla wakawa na jina la mahali, bei ya eka na mtu wa kumwulizia. Mwaka uliofuata meli zikaondoka.

Kisha barua zikaja na fedha. Tume ya serikali ya Uingereza iliyosimamia uhamaji ilirekodi kwamba hawala kutoka Amerika Kaskazini kwenda kwa jamaa walioko nyumbani, Ireland hasa, zilikuwa pauni 460,000 mwaka 1848, na kufikia mwaka 1854 zilipita pauni milioni 1.7. Hizo ni zile zilizopitia mabenki na wafanyabiashara. Noti zilizofichwa ndani ya bahasha hakuna aliyezihesabu. Mwendo wenyewe ulikuwa wa subira. Binti mkubwa anatangulia, anapata kazi ya ndani Boston au New York, kazi ambayo chakula na malazi ni juu ya tajiri, kwa hiyo mshahara unabaki karibu wote. Baada ya mwaka mmoja au miwili anatuma tiketi ya mdogo wake; mdogo akishafika, wawili wanaivuta ya watatu. Kwa jicho la mwenye kampuni ya meli, mteja hakuwa mkulima mwenye njaa aliyeko Galway. Mteja alikuwa mfanyakazi wa ndani aliyeko Boston, na tangazo la nauli lilibandikwa pale anapopita yeye.

Kufikia mwisho wa karne, biashara hiyo ilikuwa na utaratibu kamili. Tiketi ya kulipiwa kabla iliuzwa Chicago na Pittsburgh kwenye maduka ya vyakula, vilabu vya pombe na vibenki vya wahamiaji wenyewe, ikatiwa kwenye bahasha na kupelekwa kijijini. Maofisa wa Marekani walipowauliza wahamiaji mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne ya 20, zaidi ya tisa kati ya kumi walisema wanakwenda kwa ndugu au rafiki, na karibu theluthi moja walikuwa wamelipiwa nauli na mtu mwingine. Takwimu hizo zichukuliwe kwa tahadhari, kwa sababu sheria ya mwaka 1885 ilikataza kuingia na mkataba wa kazi mfukoni, na mtu mwerevu alijua kwamba kumtaja binamu ni salama kuliko kumtaja mwajiri. Hata ukipunguza sehemu nzuri ya majibu hayo, picha haigeuki: msafiri wa peke yake, asiyejua anakokwenda, alikuwa nadra.

Ushahidi mmoja unaonyesha kwamba watawala wa wakati ule waliielewa kanuni hii kuliko wanahistoria wengi waliokuja baadaye. Mwaka 1890 na 1891, wakati wakulima wa Poland iliyokuwa chini ya Urusi walipokuwa wakiondoka kwa wingi, wadhibiti wa Tsar mjini Warsaw walizikamata barua zilizotoka Brazili na Marekani, wakazisoma na wasizifikishe. Sehemu ya barua hizo ilinusurika kwenye nyaraka, na mwaka 1973 mwanahistoria Witold Kula na wenzake wakazichapisha. Hazina fasihi ya kujivunia. Ni salamu ndefu kwa kila jamaa kwa jina lake, kisha maelekezo ya kinaganaga: pita mpaka gani, ubebe nini, usimwamini nani, tiketi ndiyo hii. Mume anamwita mkewe, kaka anamwita kaka. Aliyepaswa kuipokea hakuipokea kamwe, na huenda alidhani amesahauliwa. Dola iliyotaka kuwazuia wakulima haikuhangaika kuwagawia mashamba. Ilizuia posta.

Hapa mpinzani ataniuliza kuhusu Ireland, na ana haki. Ugonjwa ulipoangamiza viazi kuanzia mwaka 1845, nchi yenye watu zaidi ya milioni 8 ilipoteza kama milioni moja kwa vifo na zaidi ya milioni moja kwa uhamaji ndani ya miaka michache. Ikiwa hao hawakutolewa na njaa, nani ametolewa na njaa? Naikubali sehemu ya hoja hiyo: bila baa lile, wengi wao wasingeondoka mwaka ule. Lakini watazame walioondoka na waliokufa, maana hawakuwa watu walewale. Nauli ya kuvuka Atlantiki ilikuwa baina ya pauni 3 na 5, na kibarua wa mashambani alipata chini ya shilingi moja kwa siku, tena siku yenye kazi. Aliyekuwa na ng'ombe wa kuuza, au aliyevuna shayiri akaiuza bila kumlipa mwenye ardhi, aliweza kuondoka. Mwenye kaka New York aliweza kuondoka. Kibarua asiye na kimoja kati ya hivyo aliburura miguu hadi nyumba ya maskini, au alivuka kwa nauli ndogo mpaka Liverpool na Glasgow akaishia hapo. Vifo vilikuwa vingi zaidi magharibi, katika wilaya kama Mayo, miongoni mwa watu ambao njaa iliwabana kuliko wote na ambao hawakuwa na cha kuuza. Njaa ilipokuwa kali kabisa iliua, haikusafirisha.

Wapo mafukara wa kutupwa waliovuka, na habari yao inaitilia nguvu hoja badala ya kuidhoofisha. Mwaka 1847 Meja Denis Mahon, mwenye ardhi wa Strokestown, aliwapakia zaidi ya wapangaji wake 1,000 kwenda Quebec kwa gharama yake. Huruma haikuwa sababu kubwa. Wakala wake alikuwa amepiga hesabu akaona kwamba kuwasafirisha kungegharimu chini ya nusu ya kodi ambayo Mahon angetozwa kuwalisha kwa mwaka mmoja ndani ya nyumba ya maskini. Wengi walikufa baharini au karantini, na Mahon mwenyewe alipigwa risasi akafa Novemba mwaka huohuo. Katika kisiwa cha Grosse Île, kituo cha karantini kwenye mto St. Lawrence, wamezikwa zaidi ya watu 5,000 wa mwaka ule mmoja, wengi waliouawa na homa iliyoenezwa na chawa ndani ya ngama zilezile za magogo. Fukara alisafiri pale tu kubaki kwake kulipomgharimu tajiri zaidi ya kuondoka kwake.

Pingamizi la pili ni la zamani na lilipendwa sana na magazeti ya wakati ule: kwamba wahamiaji walirubuniwa na mawakala wa meli. Kesi mashuhuri ilisikilizwa Wadowice, katika jimbo la Galicia lililokuwa chini ya Austria, kuanzia Novemba 1889 hadi Machi 1890. Washtakiwa walikuwa 65: mawakala wa kampuni ya meli ya Hamburg waliokuwa na ofisi Oświęcim, pamoja na maofisa waliohongwa. Ushahidi uliotolewa unachekesha na kuudhi kwa pamoja. Mkulima alikalishwa mbele ya saa ya kengele, wakala akaibonyeza ikalia, akaambiwa hiyo ndiyo telegrafu na kwamba Kaizari wa Amerika anaulizwa kama yuko radhi kumpokea. Kengele ilipolia tena, kibali kimekuja, na mkulima akailipia huduma hiyo. Wakuu wa genge walifungwa. Ikiwa mawakala ndio waliokuwa wakiunda uhamaji, Galicia ingetulia baada ya hapo. Haikutulia, kilele chake kilikuja baada ya mwaka 1900. Tapeli wa Oświęcim hakumtia mkulima hamu ya kwenda Amerika. Alimkuta nayo, akamtoza ushuru barabarani. Inafaa pia kukumbuka nani alishangilia kesi ile: wenye mashamba makubwa waliokuwa wakipoteza vibarua wa bei ya chini, na watu waliofurahi kuona Wayahudi wengi kizimbani. Lawama dhidi ya mawakala zimekuwa siku zote njia ya kutoulizana vibarua walikuwa wakilipwa kiasi gani.

Pingamizi la tatu ndilo zito zaidi. Kati ya mwaka 1881 na 1914 Wayahudi wapatao milioni 2 waliondoka Ulaya Mashariki, na kipindi hicho kilianza na mashambulizi ya halaiki dhidi yao katika dola ya Urusi. Je, hofu ya kuuawa nayo ilisubiri tiketi? Jibu gumu ni kwamba ilisubiri. Mashambulizi ya mwaka 1881 na 1882 yalipiga hasa kusini, katika nchi ambayo leo ni Ukraine, wakati wahamiaji wa mwanzo walitoka zaidi kaskazini-magharibi, Lithuania na maeneo jirani, ambako mashambulizi yalikuwa machache lakini watu walikuwa wameanza kuondoka tangu miaka iliyotangulia na tayari walikuwa na jamaa ng'ambo. Mateso yalifanya kazi nyingine, nayo si ndogo. Yaliamua nani asirudi. Wahamiaji wa Kiyahudi waliorejea walikotoka walikuwa wachache mno wakilinganishwa na Waitaliano, kwa sababu Mwitaliano alikuwa na kijiji cha kurudia. Kwa hiyo tukitaka kupima dhuluma, kipimo chake kizuri hakiko kwenye meli zinazokwenda. Kiko kwenye meli zinazorudi.

Italia ndiyo nchi ambayo hoja hii inaonekana waziwazi kuliko zote, maana serikali yake ilianza kuhesabu waliotoka tangu mwaka 1876. Kama umaskini ungekuwa ndio unaosukuma, Calabria na Sicily zingetangulia. Zilichelewa. Waliotangulia ni watu wa kaskazini, Piedmont, Lombardy na Veneto, na kusini ikajaza meli baadaye, katika miaka ya kuelekea 1913, mwaka ambao zaidi ya watu 870,000 waliondoka Italia nzima. Mtu atasema kaskazini iko karibu na Ufaransa na Uswisi, na kweli wengi walikwenda huko. Lakini Veneto haiko karibu na Brazili. Wakulima wake walikwenda São Paulo kwa sababu utumwa ulipofutwa Brazili mwaka 1888 wenye mashamba ya kahawa walihitaji mikono mingine, na serikali ya jimbo hilo ikazilipia familia nzima nauli. Machi 1902, baada ya taarifa za jinsi walivyotendewa mashambani, Italia ilipiga marufuku safari za kulipiwa na Brazili. Idadi ya waliokwenda huko ikaporomoka, wala si kwa sababu Veneto ilitajirika mwaka ule. Sijui jaribio la wazi kuliko hilo: shida ileile, kijiji kilekile, nauli imeondolewa, na msafara umekatika.

Meli za mvuke zilikuwa zimefupisha safari ya wiki 5 au 6 ikawa ya siku kama 10 hadi 14, na jambo hilo lilifanya zaidi ya kupunguza vifo. Liliifanya ng'ambo iwe mahali pa kwenda kuvuna na kurudi. Wapo Waitaliano waliovuna ngano kwao, wakapanda meli, wakafika Argentina wakati wa mavuno ya kule ambako majira yako kinyume, kisha wakarudi kwa msimu wa kupanda. Uchumi wa Marekani ulipoanguka mwishoni mwa 1907, watu hawakung'ang'ania maisha mapya. Katika mwaka wa fedha uliokwisha Juni 1908 Marekani iliandikisha waliohama kuondoka wapatao 395,000, nusu ya walioingia. Simulizi ya mtu anayeipungia mkono nchi yake kwa mara ya mwisho ilikuwa ya kweli kwa watu wa merikebu za matanga. Kwa Mwitaliano wa 1908 nauli ilikuwa gharama ya kazi.

Anayelipa nauli, tena, ndiye anayeamua safari iwe ya namna gani, na mfano uko mlangoni petu. Kati ya mwaka 1896 na 1901 vibarua wapatao 32,000 waliletwa Mombasa kwa meli kutoka Uhindi, wengi wao watu wa Punjab, kujenga reli ya Uganda. Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara wa Karachi, alikuwa miongoni mwa mawakala walioajiri. Nauli ilitolewa na mwajiri, kwa hiyo mkataba ulikuwa wa mwajiri, na safari ya kurudi iliandikwa humo. Kama 2,500 walifia kazini, wengi wakarudi kwao, na waliobaki ni wapatao 6,700. Wahindi wengi wa maduka na ofisi wa Kenya, Uganda na Tanganyika hawatokani na vibarua hao, bali na Wagujarati na wengine walioitwa na shemeji, ami na watu wa jamatini, kwa meli zilizokuwa zikipita kati ya Bombay, Mombasa na Zanzibar. Reli ilileta watu kwa maelfu; undugu ndio ulioleta wakazi. Asiye na mwajiri wala shemeji alibaki na njia moja, ile ambayo vijana wa bandari zetu wanaijua vizuri, ya kuzamia meli, na wazamiaji hawajawahi kuwa wengi kiasi cha kubadili hesabu.

Mwishoni mwa karne ya 19 meli ilipata kazi ya ziada. Sheria ya Marekani ya mwaka 1891 iliyalazimisha makampuni ya meli kumrudisha kwa gharama yao kila msafiri aliyekataliwa. Mwaka uliofuata kipindupindu kiliua zaidi ya watu 8,000 Hamburg, na wahamiaji kutoka Urusi wakalaumiwa. Makampuni yalijibu kama mfanyabiashara yeyote angejibu: yakahamisha ukaguzi kutoka New York kwenda mwanzo wa safari. Vituo vikajengwa mpakani mwa Urusi na Prussia, ambako madaktari waliyachungulia macho ya wakulima kutafuta vikope na watu wakaogeshwa huku nguo zikipigwa mvuke. Mwaka 1901 kampuni ya Hamburg iliyoongozwa na Albert Ballin ilifungua huko Veddel, mjini Hamburg, makazi makubwa ya kuwaweka wahamiaji wakisubiri meli, yakiwa na mabweni, kumbi za chakula na ukaguzi wa daktari. Vituo vile vilikuwa na sifa nyingine isiyotangazwa: mwenye tiketi ya kampuni ya Kijerumani alipita kirahisi, mwenye tiketi ya Waingereza alipata matatizo. Ellis Island, inayosifiwa au kuogopwa kama lango la Marekani, ilikataa asilimia 2 tu hivi ya waliofika, kwa sababu mchujo mkubwa ulikuwa umeshafanywa na wauza tiketi. Abiria wa leo anayekaguliwa viza kwenye kaunta ya ndege Nairobi au Dar es Salaam, na mfanyakazi wa shirika la ndege anayeogopa faini, anakutana na utaratibu huohuo.

Hoja yote hii ina mpaka wake. Haisemi kwamba shida haina maana, wala kwamba wahamiaji walikuwa watu wa hali nzuri waliokwenda kujitafutia anasa. Wengi walilala kwenye vitanda vya mbao katika harufu ya matapishi na walifanya kazi ambazo wenyeji walizikwepa. Inasema kwamba shida ilikuwa nyingi kila mahali, na kitu kilicho kila mahali hakiwezi kueleza kwa nini watu waliondoka hapa na si pale, mwaka huu na si ule. Mwanahistoria anayetaka kulijibu swali hilo aache kidogo kusoma mashairi ya kuaga na asome daftari za mawakala wa meli.

Mwisho wa uhamaji ule nao unashuhudia hivyo. Sheria za Marekani za mwaka 1921 na 1924 ziliweka ukomo kwa kila taifa, na Italia, iliyokuwa imepeleka zaidi ya watu 200,000 katika mwaka wa fedha wa 1921, ikapewa nafasi 3,845 kwa mwaka. Calabria haikuwa imepata mvua zaidi wala ardhi mpya. Watu wake wakaelekea Ufaransa na Argentina, ambako milango ilikuwa wazi na jamaa walikuwako. Makampuni ya meli, yakiwa na vitanda vitupu chini ya sitaha, yalivipaka rangi, yakaweka mashuka mapya, yakabadilisha jina la daraja hilo na kuanza kuwauzia walimu na wanafunzi wa Kimarekani waliotaka kutembea Ulaya wakati wa likizo.